Neno la Jirani: Historia ya Usalama wa Njia za Intaneti

Intaneti si mtandao mmoja. Ni muungano wa mitandao zaidi ya 70,000 inayojitegemea: ya kampuni za simu, vyuo vikuu, benki, serikali na watoa huduma wakubwa kwa wadogo, kila mmoja ukiwa na mmiliki wake, ruta zake na sera zake. Data inayotoka Mwanza kwenda kwenye seva iliyoko Frankfurt hupita katika mitandao kadhaa, na mingi kati ya hiyo haina mkataba wowote na aliyeituma. Kinachoiwezesha mitandao hiyo kufikiana ni itifaki iitwayo BGP. Kila mtandao una namba yake ya utambulisho, na kila mmoja huwatangazia majirani zake makundi ya anwani za IP ambayo njia yake inapitia kwake. Jirani akilipokea tangazo huongeza namba yake, kisha hulipeleka kwa majirani wengine. Ndani ya dakika chache habari huwa imeizunguka dunia.

Tangazo hilo halikuwekewa namna yoyote ya kuthibitishwa. Mtandao uliodai kwamba anwani fulani ni zake uliaminiwa, na waliouamini waliwapelekea wengine dai hilo bila wao wenyewe kuwa na ushahidi. Udhaifu huo ulijulikana tangu mwanzo, na dawa yake ilianza kuandikwa mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Kilichochelewa ni kuitumia, kwa sababu mtandao unaojigharimia kinga ya njia huwalinda wengine kabla ya kujilinda wenyewe. Jambo hilo moja linaeleza sehemu kubwa ya historia inayofuata.

Kabla ya BGP, mitandao ilipashana habari za njia kwa itifaki ya EGP, iliyoelezwa kwa maandishi mwaka 1982. EGP ilidhani kwamba intaneti ina shina moja na matawi yake, nalo shina hilo lilikuwa ARPANET ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 dhana hiyo ilikuwa imepitwa na wakati. NSFNET, mtandao wa utafiti uliogharimiwa na serikali ya Marekani, ulikuwa unakua kwa kasi, mitandao ya mikoa ilikuwa inaungana yenyewe kwa yenyewe, na ruta zilianza kuzidiwa na njia zinazojirudia kwa kuzunguka. Januari 1989, wahandisi wa IETF, jopo linaloandika viwango vya intaneti, walipokutana Austin, Texas, Yakov Rekhter wa IBM na Kirk Lougheed wa Cisco walikaa pamoja wakati wa chakula cha mchana na kuchora itifaki mpya kwenye leso za karatasi. Ilichapishwa Juni mwaka huo huo kama waraka wa RFC 1105. Hadi leo wahandisi wengi huiita itifaki ya leso.

Miaka mingi baadaye Rekhter alieleza kwamba usalama haukuwa miongoni mwa mambo waliyoyajadili. Si haki kuwalaumu kupita kiasi. Mwanzoni mwa 1989 intaneti nzima ilikuwa na kompyuta zipatazo 80,000, wengi wa wasimamizi wake walijuana kwa majina, na tatizo lililowakabili lilikuwa mtandao kusimama kwa kukosa njia, si mtu kuiba njia. Hata hivyo, ishara zilikuwepo. Novemba 1988, miezi miwili kabla ya mkutano wa Austin, programu iliyoandikwa na mwanafunzi Robert Morris ilikuwa imejisambaza yenyewe na kuangusha maelfu ya kompyuta. Mwaka huo huo Radia Perlman alikamilisha tasnifu yake katika chuo cha MIT kuhusu namna mtandao unavyoweza kuendelea kufikisha ujumbe hata kama baadhi ya ruta zake zinadanganya. Aprili 1989 Steven Bellovin wa maabara ya Bell alichapisha makala kuhusu udhaifu wa itifaki za TCP/IP, na humo akaeleza wazi kwamba anayeweza kughushi habari za njia anaweza kuyavuta mawasiliano ya wengine yapite kwake. Kwa hiyo onyo na itifaki yenyewe vilizaliwa mwaka mmoja.

Toleo la nne la BGP, lililotoka mwaka 1994 na ndilo linalotumika mpaka sasa, liliruhusu anwani kutangazwa katika makundi ya ukubwa wowote. Bila hatua hiyo orodha za njia zingejaa kumbukumbu za ruta. Lakini pamoja nayo ilikaza mizizi kanuni ambayo kila mtekaji wa njia huitegemea: ruta ikiwa na matangazo mawili yanayohusu anwani moja, hufuata lile linalotaja kundi dogo zaidi. Ni kama dereva aliyeelekezwa na mmoja "Dar es Salaam" na mwingine "Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi". Atamfuata wa pili, kwa kuwa maelezo yake ni ya karibu zaidi. Makundi yakilingana ukubwa, kwa kawaida njia fupi, yaani inayopita mitandao michache, ndiyo hushinda. Hakuna hatua ambapo ruta huuliza ni nani mwenye anwani kweli.

Hatari za mawasiliano ya intaneti hazikuwa za njia peke yake, na katika miaka ya 1990 nyingine ndizo zilizoonekana kwanza. Barua pepe na manenosiri vilisafiri bila kufichwa, hivyo yeyote aliyekaa katikati aliweza kuvisoma. Pakiti zilibeba anwani ya mtumaji ambayo hakuna aliyeikagua, hivyo yeyote aliweza kuandika anwani ya mwingine. Septemba 1996 Panix, mmoja wa watoa huduma wa zamani zaidi jijini New York, alifurikwa na maombi ya kuanzisha mawasiliano yaliyotoka kwenye anwani za kughushi. Kila ombi lilishika nafasi kwenye seva na kusubiri jibu lisilokuja kamwe, mpaka wateja halisi wakakosa nafasi. Dawa ilikuwa rahisi kuieleza: kila mtoa huduma azuie mlangoni mwake pakiti zenye anwani zisizo za wateja wake. Pendekezo hilo liliandikwa rasmi na kufikia mwaka 2000 lilikuwa limetambuliwa kuwa utaratibu bora. Miongo miwili na zaidi baadaye bado kuna mitandao isiyolitekeleza, kwa sababu ile ile: anayechuja hutumia fedha na muda wake, na anayenufaika ni mtu asiyemjua aliyeko upande mwingine wa dunia.

Njia zenyewe ziliingia katika habari asubuhi ya tarehe 25 Aprili 1997. Ruta ya kampuni ndogo ya MAI huko Virginia, yenye namba ya utambulisho 7007, ilipokea orodha ya njia za sehemu kubwa ya intaneti, ikayakata makundi hayo kuwa vipande vidogo vya anwani 256 kila kimoja, ikafuta kumbukumbu ya wenye anwani, kisha ikavitangaza vyote kana kwamba ni vyake. Sprint, aliyekuwa miongoni mwa wasafirishaji wakubwa wa data Marekani, aliyapokea matangazo hayo bila kuyachuja na kuyasambaza. Kwa kuwa vipande vilikuwa vidogo kuliko makundi halali, ruta za pande nyingi zilivifuata, na data ya dunia ikaanza kumiminika kwenye kiungo chembamba kisichoweza kubeba hata sehemu ndogo yake. Wahandisi wa MAI waliikata ruta hiyo umeme kabisa. Haikusaidia mara moja, kwa sababu njia za uongo ziliendelea kuzunguka katika ruta za watu wengine kwa saa kadhaa baada ya chanzo chake kuzimwa.

Halikuwa shambulio. Ilikuwa ni kosa la mipangilio likichanganyika na hitilafu ya mtambo, na hapo ndipo uzito wake ulipo: kama kosa linaweza kufanya hivyo, nia mbaya inaweza zaidi. Mei 1998 kundi la wadukuzi wa Boston liitwalo L0pht liliitwa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, na likawaambia maseneta kwamba wao saba wangeweza kuifanya intaneti isitumike ndani ya dakika 30. Mwezi Agosti mwaka huo kikachapishwa kiraka cha kwanza, neno la siri la pamoja kati ya ruta mbili zinazopakana, ili mtu wa tatu asijipenyeze katika mazungumzo yao. Kilizuia wageni kuingilia kati. Hakikugusa swali la iwapo jirani mwenyewe anasema kweli.

Swali hilo lilijibiwa kwa ukamilifu mwaka 2000. Stephen Kent na wenzake wa kampuni ya BBN, iliyotengeneza vifaa vya kwanza vya kuelekeza data vya ARPANET, walipendekeza S-BGP. Katika mfumo wao kila mgao wa anwani ungekuwa na cheti, na kila mtandao unaopitisha tangazo ungeliweka saini ya kidijitali, hivyo mpokeaji angeweza kukagua mlolongo mzima hadi kwa mwenye anwani. Kitaalamu hoja ilikuwa imara. Lakini ruta za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kukagua saini nyingi kiasi hicho, na faida ingeonekana tu kama karibu kila mtu angejiunga. Wa kwanza kujiunga angelipa gharama zote na asipate kitu. Wazo likawekwa kabatini, na watoa huduma wakabaki na daftari za hiari ambamo kila mtandao uliandika anwani inazokusudia kutangaza. RADb, iliyoanza mwaka 1995, ndiyo iliyotumika sana. Daftari hizo zilisaidia pale zilipotunzwa, lakini nyingi zilijaa taarifa zilizochakaa, na baadhi ziliruhusu mtu kuandika karibu chochote.

Ubovu wa taarifa zilizochakaa ulimrudia Panix yule yule. Januari 2006 kampuni ya mawasiliano iliyokuwa chini ya shirika la umeme la New York, Con Edison, ilianza kutangaza anwani zisizo zake, zikiwemo za Panix. Miongoni mwa walioathirika walikuwa wateja wa zamani wa kampuni hiyo ambao kumbukumbu zao hazikuwa zimefutwa. Vichujio vilikuwepo, ila viliamini daftari la jana.

Tukio lililoufikisha udhaifu huu kwa watu wasio wahandisi lilitokea tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeagiza YouTube ifungwe nchini humo. Kampuni ya Pakistan Telecom ilitekeleza agizo kwa kutengeneza njia ya uongo ndani ya mtandao wake, ili data inayoelekea YouTube itupwe. YouTube ilikuwa inatangaza kundi la anwani 1,024. Pakistan Telecom ikaandika kundi la anwani 256 zilizomo ndani yake. Njia hiyo ilipaswa kubaki ndani ya nchi. Saa 3:47 usiku kwa saa za Afrika Mashariki ilivuja hadi kwa PCCW wa Hong Kong, aliyekuwa akimuunganisha Pakistan Telecom na dunia, naye PCCW hakuwa na kichujio cha kumkagua mteja huyo. Ndani ya dakika chache ruta za mabara yote zikawa zinapeleka maombi ya YouTube Pakistan, ambako yalitupwa.

Namna wahandisi wa YouTube walivyojitetea inaonyesha jinsi kanuni ya kundi dogo inavyofanya kazi. Saa 5:07 usiku walitangaza wao pia kundi lile lile la anwani 256. Sasa matangazo mawili yalilingana, na ruta zikagawanyika kufuata ufupi wa njia: nyingine zikarudi kwao, nyingine zikabaki Pakistan. Dakika 11 baadaye walilikata kundi hilo vipande viwili vya anwani 128. Vipande hivyo vilikuwa vidogo kuliko cha Pakistan, hivyo vilishinda kokote vilikofika, ingawa watoa huduma wengi huwa hawapokei matangazo madogo kiasi hicho. Mambo yalitulia kabisa saa 6:01 usiku, PCCW alipoyaondoa matangazo ya Pakistan Telecom. Mwenye mali alilazimika kutumia mbinu ya mtekaji ili kurudishiwa mali yake, na hata hivyo aliyemaliza kazi ni jirani wa mtekaji.

Agosti mwaka huo huo, katika mkutano wa wadukuzi wa DEF CON huko Las Vegas, Alex Pilosov na Tony Kapela walionyesha jambo la kutisha zaidi. Waliyateka mawasiliano ya mtandao wa mkutano wenyewe, wakayapitisha New York, kisha wakayarudisha Las Vegas bila kukatika. Katika tukio la Pakistan mwathirika alijua mara moja kwamba kuna tatizo, kwa kuwa huduma ilikufa. Katika onyesho hili hakuna kilichokufa. Data ilichukua mzunguko mrefu kidogo, ikasomwa njiani na kufika salama. Hapo ilidhihirika kwamba hatari ya njia hufikia pia upelelezi wa kimya kimya, tena kutoka mbali, bila kugusa waya wowote wa mhusika.

Hofu hiyo ndiyo iliyotia chumvi simulizi la Aprili 2010. Tarehe 8 mwezi huo China Telecom ilitangaza kwa takriban dakika 18 makumi ya maelfu ya makundi ya anwani za watu wengine, zikiwemo za taasisi za serikali na jeshi la Marekani. Ripoti ya tume moja ya Bunge la Marekani ilisema zilihusu asilimia 15 ya makundi ya anwani ya intaneti. Magazeti yakaandika kwamba asilimia 15 ya data ya dunia ilipitia China. Ni vitu viwili tofauti. Tangazo la njia halimaanishi kwamba kila mtu amelifuata, na kiasi cha data kilichopotoshwa kilikuwa kidogo sana kuliko hicho. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa kila habari za namna hii zinaposomwa. Iwapo lilikuwa kosa au kusudi, data ya njia peke yake haiwezi kusema, na hilo nalo ni sehemu ya tatizo: mtekaji mwenye nia mbaya ana kisingizio kilicho tayari wakati wote.

Wakati huo dawa nyepesi kuliko S-BGP ilikuwa inakamilika. Badala ya kuthibitisha mlolongo mzima, wahandisi walikubali kuanza na swali moja: je, mtandao uliotajwa kuwa chanzo una idhini ya mwenye anwani? Mfumo huo unaitwa RPKI. Mamlaka tano za kanda zinazogawa anwani za IP, yaani AFRINIC, APNIC, ARIN, LACNIC na RIPE NCC, hutoa vyeti vinavyoonyesha nani kapewa anwani zipi. Mwenye cheti hutia saini hati fupi inayosema: kundi hili linaweza kutangazwa na mtandao wenye namba hii, na lisikatwe vipande vidogo kuliko kiasi hiki. Mitandao mingine hupakua hati hizo, huzikagua kwenye kompyuta ya pembeni, kisha huipa ruta jibu lililo tayari. Tangazo huwa halali, batili, au halijulikani. Ruta haichoshwi na hesabu za saini, na hilo liliondoa kikwazo cha mwaka 2000. Mamlaka za kanda zilianza kutoa huduma hii mwaka 2011, ARIN ikafuata mwaka 2012.

Kilichobaki ni kikwazo cha pili, cha nani aanze. Kwa miaka kadhaa hati zilitiwa saini lakini karibu hakuna aliyetupa matangazo batili, kwa hiyo hati zilikuwa karatasi tu. Nao wezi hawakusubiri. Mwaka 2014 watafiti wa Dell SecureWorks waligundua kwamba mtu mmoja, akitumia ruta ya mtoa huduma wa Kanada, alikuwa akiteka kwa vipindi vifupi njia za kompyuta zinazochimba sarafu za kidijitali na kuzielekeza zimfanyie kazi yeye. Alijipatia takriban dola 83,000. Aprili 2018 wengine waliteka kwa saa mbili hivi anwani zipatazo 1,300 za huduma ya majina ya Amazon. Waliouliza anwani ya MyEtherWallet, tovuti ya pochi za sarafu za kidijitali, walipewa jibu la uongo na kupelekwa kwenye tovuti ya bandia. Vivinjari viliwaonya kwamba cheti cha usalama hakiaminiki. Waliopuuza onyo na kubofya kuendelea walipoteza fedha zao, jumla ikiwa takriban dola 150,000.

Katika tukio hilo usimbaji wa HTTPS ulifanya kazi yake, na ni kweli kwamba kuenea kwake tangu miaka ya 2010 kumepunguza sana thamani ya kusikiliza data njiani. Lakini haujitoshelezi. Februari 2022 walioishambulia huduma ya fedha za kidijitali ya KLAYswap nchini Korea Kusini waliteka njia kwanza, kisha wakaomba cheti halali kwa jina la tovuti waliyoiteka. Mtoa vyeti alikagua umiliki kwa kuiuliza tovuti kupitia intaneti ile ile iliyokwisha tekwa, akajibiwa na wezi, na cheti kikatoka. Vivinjari havikuonya mtu. Hasara ilikaribia dola milioni 2. Kwa kuhofia hila ya namna hiyo watoa vyeti, Let's Encrypt akiwa wa mwanzo mwaka 2020, sasa hukagua kutoka sehemu kadhaa za dunia kwa wakati mmoja, kwa kuwa ni vigumu kuziteka njia za pande zote kwa pamoja.

Afrika iliingia kwenye simulizi hili kwa kosa, si kwa wizi. Kwa muda mrefu bara lilikuwa likihangaika kufupisha njia zake: kabla ya kituo cha kubadilishana data cha Nairobi, KIXP, ujumbe kati ya wateja wa watoa huduma wawili wa jiji hilo moja ulipanda setilaiti na kuzunguka Ulaya au Marekani. KIXP ilipofunguliwa Novemba 2000 ilifungwa wiki chache baadaye kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na haki ya pekee, na haikufunguliwa tena mpaka 2002. Vituo vya namna hiyo vimeleta nafuu kubwa ya gharama na kasi, na data inayobaki nyumbani hupita mikononi mwa wachache. Lakini kituo huwakutanisha majirani wengi, na kila jirani anahitaji kichujio. Usiku wa tarehe 12 Novemba 2018 MainOne ya Nigeria, katika kuboresha mtandao wake, ilikosea kichujio kimoja, na njia za Google ilizokuwa imezipata kupitia kituo cha kubadilishana data cha Nigeria zikavuja hadi China Telecom. China Telecom ikazikubali na kuzipeleka kwa msafirishaji wa Urusi. Kwa dakika 74 sehemu ya data ya Google ilielekea China badala ya ilikokusudiwa, na nyingi ikakwama huko. MainOne ilikiri kosa hadharani siku iliyofuata. Aina hii huitwa uvujaji wa njia. Mwenye anwani ametajwa kwa usahihi, hivyo RPKI haina la kusema. Kilichokosewa ni kumpa jirani njia isiyokuwa yake kuigawa.

Mabadiliko ya kweli yalianza 2019. AT&T ilianza mwaka huo kutupa matangazo batili kutoka kwa mitandao inayopakana nayo. Juni, kampuni ya chuma ya Pennsylvania ilijikuta ikiwa njia ya sehemu kubwa ya intaneti, baada ya programu ya mtoa huduma wake kukata njia vipande na Verizon kuvipokea bila kuvichuja. Cloudflare, iliyoathirika vibaya, ilifanya kampeni ya wazi ya kuwataja watoa huduma wanaochuja na wasiochuja. Mwaka 2020 wasafirishaji wakubwa kama NTT, Telia na Cogent walikuwa miongoni mwa waliojiunga. Hapo hesabu ikageuka. Wasafirishaji wachache wakubwa wakitupa tangazo batili, tangazo hilo halifiki mbali hata kama maelfu ya mitandao midogo haikagui kitu, na kwa hiyo mwenye anwani akitia saini hati yake leo hupata faida leo. Mei 2024 zaidi ya nusu ya njia za IPv4 zilikuwa na hati.

Tofauti ilipimika wazi kwa Twitter. Februari 2021, jeshi la Myanmar lilipopindua serikali na kuamuru mtandao huo ufungwe, mtoa huduma mmoja wa nchi hiyo alivujisha njia ya uongo ya kundi la anwani za Twitter ambalo wakati huo halikuwa na hati. Tarehe 28 Machi 2022, Urusi ikiwa imeifunga Twitter, kampuni ya RTComm ilitangaza kundi lile lile kwa dakika 45. Safari hii hati ilikuwepo. Kosa lilikuwa la aina ya Pakistan 2008, lakini watu wengi duniani hawakujua kwamba kuna lililotokea.

Wezi nao walisoma mabadiliko hayo. RPKI hukagua chanzo tu, kwa hiyo mtekaji anaweza kuiandika namba ya mwenye anwani mwishoni mwa mlolongo na kujifanya jirani yake. Hivyo ndivyo walivyofanya walioiibia huduma ya fedha za kidijitali ya Celer Agosti 2022, wakitangaza anwani za Amazon huku wakiitaja Amazon yenyewe kuwa chanzo. Kinga ya mlolongo mzima, BGPsec, iliidhinishwa Septemba 2017 na bado karibu haitumiki, kwa vikwazo vile vile vilivyoiua S-BGP. Mpango mwepesi zaidi, ASPA, ambamo kila mtandao hutia saini orodha ya wanaouhudumia ili mlolongo usiowezekana ugundulike, umekuwa ukijadiliwa IETF.

Wakati huo huo uzito wa uaminifu umehama kutoka kwenye ruta kwenda kwenye ofisi za mamlaka za kanda. Tarehe 3 Januari 2024 mdukuzi aliingia katika akaunti ya Orange ya Hispania kwenye mfumo wa RIPE NCC. Nenosiri lilikuwa "ripeadmin", na hakukuwa na hatua ya pili ya uthibitisho. Hakuteka njia yoyote. Alitia saini hati zinazosema kwamba anwani za Orange ni za mtandao mwingine, na mitandao inayotii RPKI ikaanza kuzitupa njia halali za Orange. Wateja wake walikatika kwa saa kadhaa kwa sababu kinga ilifanya kazi kama ilivyoagizwa. Miezi michache baadaye RIPE NCC ilifanya uthibitisho wa hatua mbili kuwa wa lazima.

Kwa mitandao ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zao, ofisi inayohusika ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Mwaka 2019 iligundulika kwamba mamilioni ya anwani za Afrika yalikuwa yamehamishwa isivyo halali ndani ya daftari lake, mengine yakiwa ni migao ya zamani ya kampuni zilizokufa au zilizosahau kwamba zinayo. Kesi zilizofuata, pamoja na mgogoro na mteja wake mkubwa, ziliiacha bila bodi inayoweza kufanya maamuzi, na Septemba 2023 mahakama ya Mauritius ikaiweka chini ya msimamizi. Katika kipindi chote hicho ruta ziliendelea kupakua hati kutoka kwenye seva zake, na matangazo ya anwani za mitandao ya Afrika Mashariki kuhesabiwa halali au batili kwa kuzifuata hati hizo.